Uso wa Kituo cha Nane

Ngoie, mama,

Mizigo yako iko mlangoni. Mama yako ameifunga, akaifungua, akaifunga tena, kwa hiyo mimi sitakuambia neno juu ya blanketi, wala sufuria, wala dawa ya malaria. Hayo yameshasemwa, na kesho yatasemwa tena mpaka basi lenyewe lichoke kusikiliza. Wewe umekwenda mtaa wa Kikula kuaga wenzako, na mimi nimepata nafasi ya kukaa mezani bila kutazamwa. Ninakuandikia kwa Kiswahili cha kanisa, kile tulichofundishwa shuleni, kwa sababu kile cha nyumbani kinapanda mdomoni mwangu haraka mno, na makelele sisi wawili tumeshapigiana ya kutosha.

Ninataka kurudi kwenye maneno yako ya Jumapili. Labda umeshayasahau, maana hasira yako inapiga bati kama mvua kisha inaacha. Yangu unaijua. Nilikuwa nimekukataza kwenda Kolwezi. Nilisema mtoto wangu hatafanya kazi mgodini, hata kama ni kuendesha lori juu ya ardhi, hata kama umejifunza na umefaulu na wanakungoja. Nilipiga meza, chai ikamwagika. Ukanitazama bila chozi, ukasema:

"Papa, weye ulishaniua pa ukuta ya kanisa. Sasa unaogopa nini tena?"

Kisha ukasema lile lingine, kwa sauti ndogo: "Ulifuta sura yangu sababu nilinyamaza. Nilimuona Kalenga anaenda, na sikusema."

Mama yako alikuwa anachambua maharage. Mkono wake ulisimama ndani ya ungo. Mimi nilifanya kile ninachokifanya siku zote, nilichukua kofia nikatoka nje.

Mwanangu, mimi sikujua. Naomba usome hapo mara mbili. Sikujua kama ulimwona kaka yako asubuhi ile. Miaka hii yote umeishi nyumbani mwangu ukifikiri nimekuhukumu kwa kosa ambalo sikulijua hata kwa jina. Ayi, Ngoie! Na mimi niko hapa, mfua shaba mzima, mtu wa kutengeneza nyuso, na uso wa mtoto wangu nilishindwa kuusoma.

Acha basi nikueleze jinsi ilivyokuwa.

Kabla ya wewe kuzaliwa nilikuwa ninapiga picha za shaba za kuuza kwa wageni: tembo, mwanamke anayetwanga, mtumbwi juu ya mto Lufira. Unalaza bamba juu ya lami iliyopoa, unaligeuza mgongo, unasukuma kwa nyundo na vyuma vidogo mpaka sura itokeze upande wa pili. Fundi wa shaba hafanyi kazi mbele ya uso. Yuko nyuma yake, gizani kama mtu anayesukuma mlango. Padri mzee, yule mwenye ndevu aliyekubatiza, aliona tembo zangu akaniuliza kama mikono hii inajua kusali. Nikamwambia inajua kidogo. Akanipa kazi ya Njia ya Msalaba, vituo vyote kumi na vinne, vya kuwekwa kwenye kuta mbili za kanisa.

Nilimletea mchoro wa kwanza, Yesu mwenye pua ndefu na nywele laini, kama kwenye kalenda. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia kwamba Bwana hakuacha picha yake kwa mtu yeyote, ndiyo maana kila nchi inamwazima sura. "Mwazimie za hapa," alisema. Nikafurahi sana. Nilizunguka mtaani nikiwaangalia watu usoni hadi wakawa wananikimbia. Fundi cherehani, jirani yetu, alinipa uso wa Simoni, yule aliyesaidia kubeba msalaba. Alikaa kitini siku nzima, kifua mbele, kama anasubiri kuapishwa.

Mtu mmoja tu hakufurahi: bibi yako, mama yangu, yule unayebeba jina lake. Unakumbuka ule msalaba wa shaba ulio juu ya tabenakulo, ule wa mikono minne iliyo sawa? Si wa mapadri. Ni wa wakubwa wetu wa zamani, waliouyeyusha wenyewe kwa makaa kabla kanisa halijafika. Walinunulia vitu, walioa nao, na mtu akifa walimlazia kifuani. Bibi yako alinikuta uani na mabamba yangu, akasimama mkono kiunoni.

"Shaba bakubwa balikuwa banaitia pa kifua ya mufu," akasema. "Weye unatia sura ya bantu bazima? Utaona."

Nikamwambia, mama, hizo ni habari za zamani. Akatema mate pembeni, akaenda zake.

Kalenga alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa mrefu, mabega yake ndiyo yalikuwa yanaanza kufunguka. Nilimtaka kwa kituo cha tatu, pale Yesu anapoanguka mara ya kwanza. Nilimtwika boriti ya mlango begani, hapo hapo uani, nikamwambia aanguke.

"Papa, ginsi gani?"

"Anguka sawa muntu mwenye kuchoka."

Akaanguka akicheka. Nikamwinua. Akaanguka tena akicheka. Nilimwangusha asubuhi nzima, Ngoie, mpaka magoti yakatoka damu na kicheko kikamwisha. Hapo ndipo nikasema, sasa, usiondoke hapo, nikachukua kalamu. Kila mtu aliyeuona uso ule alisema ni uso wa kweli. Ulikuwa wa kweli kabisa. Mimi ndiye ninayejua nilivyoupata.

Wewe ulikuwa na miaka sita, na kukukalisha kitini ilikuwa kazi ya kukamata kuku. Nilikuweka kituo cha nane, pale Yesu anapowakuta wanawake wa Yerusalemu na kuwaambia wasimlilie yeye, wawalilie watoto wao. Umeshika nguo ya mwanamke mmoja, umegeuza uso, unatutazama sisi tulio chini. Sikukuweka hapo ovyo. Birika la ubatizo kanisani kwetu lina pande nane, na Padri mzee alikuwa amenieleza sababu: siku saba ni za dunia hii, ya nane ni asubuhi ile Bwana alipotoka kaburini. Nikasema moyoni, huyu mdogo nitamweka upande wa asubuhi. Lile neno la kuwalilia watoto sikulifikiria. Nilikuwa fundi, niliangalia mikunjo ya nguo.

Vituo vilibarikiwa, watu wakapiga vigelegele, nikanunuliwa bia na watu nisiowajua. Masika ile ile fundi cherehani akashikwa na homa, akafa. Alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, lakini watu walianza kunong'ona mlangoni baada ya misa. Walisema ukuta ya kanisa inaita bantu. Nikacheka, lakini nilianza kupita mbali na kile kituo cha Simoni.

Sasa sikiliza jambo hili kuhusu Kalenga, kwa sababu ulibeba mzigo usio wako.

Baada ya kazi ya kanisa nilitaka aje kwenye nyundo, awe fundi. Hakutaka. Alishinda kitandani, alishinda barabarani na wenzake. Jioni moja, mbele ya wageni, nilimwambia: "Kijana wa umri wako, kazi unayoijua ni kukaa ukichorwa sawa mwali." Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Alimaliza chakula, akanawa mikono, akasema "Aksanti, mama," na asubuhi hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kambove, mashimoni, na wale wanaochimba kwa mikono. Jumapili nilipotoka ulimweleza mama yako, naye akaniambia, kwamba ulimwona akichukua taa yangu jikoni, akakuwekea kidole mdomoni, akakuahidi biskuti. Ulikuwa mtoto, ukanyamaza, kwa sababu kaka yako alikuomba. Kama kuna mtu aliyemtuma Kambove, ni mdomo wangu, mbele ya mashahidi. Kidole kile alichokuwekea mdomoni kiondoe sasa. Nakuomba, kiondoe.

Shimo liliwaangukia. Wenzake walitoka, yeye hapana. Walichimba, wakachimba, kisha mvua ikaingia na wakubwa wa pale wakasema basi. Tulilia msiba bila maiti, tukakaa matanga bila kaburi. Unajua mama yako alivyokuwa. Wewe ulikaa chini ya meza na hukutaka kutoka, na sisi tulidhani ni woga wa watu wengi.

Na mimi wakati wote nilikuwa na jambo moja tu kichwani, lilinizunguka kama nzi: nilimfundisha kuanguka. Nilimwangusha asubuhi nzima, nikamwambia usiondoke hapo, na hakuondoka.

Tulipoondoa matanga, nilienda kanisani mchana, hakuna mtu. Nilitungua bamba la nane nikalilaza juu ya mfuko wa mchanga, uso juu. Nikapiga uso wako. Sikulitia motoni kwanza, na mwanafunzi wa siku mbili anajua kwamba shaba ukiipiga ikiwa baridi inakuwa ngumu na inaweza kupasuka. Nilipiga hivyo hivyo, ikiwa baridi, nikilia kama mtoto, nikisema: huyu hapana, huyu hapana, huyu hapana. Nilikuwa ninakutoa ukutani, Ngoie. Nilifikiri ukuta ukitafuta uso wako usiupate, utakuacha. Sikukuua. Nilikuficha, kwa ujinga wangu wote nilikuficha.

Padri mzee aliona. Nikamwambia bamba liliharibika. Akasema sawa, na hakuniuliza tena mpaka alipohamishwa. Natamani angeniuliza.

Watoto wa katekisimu wakaanza kukuita mutoto bila sura. Ijumaa Kuu, kwenye Njia ya Msalaba, tulipofika kituo cha nane ulinivuta mkono ukauliza, "Papa, minye niko wapi?" Nikasema, "Nyamaza." Neno moja. Nilifikiri nimekuambia unyamaze kwa sababu ya sala. Jumapili hii ndiyo nimeelewa ulisikia nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha kwa mtoto wa miaka sita.

Tangu hapo siendi misa ya jioni, nanyi mmenicheka kwamba mzee anapenda kulala. Sababu ni hii. Jua likianza kushuka linaingia kwa mlango mkubwa, linateleza sambamba na ukuta, na katika mwanga ule wa pembeni uso wako unarudi. Mimi ni fundi, ninajua ni nini: nyundo haifuti, inabonyeza tu, na mabonde yale yanashika kivuli. Lakini najua pia nilichokiona. Mwaka wa kwanza ulirudi uso wa mtoto. Miaka ikapita, nikaenda tena kwa sababu ya maziko fulani, nikatazama, na ulikuwa umekua. Mashavu yalikuwa yamepungua. Ulikuwa unanitazama kama ulivyonitazama Jumapili, bila chozi. Niliondoka kabla ya baraka.

Na upande wa pili wa kanisa, Kalenga anakwisha. Umemwona mama yako kila Ijumaa pale kituo cha tatu, mkono wake juu ya uso wa kaka yako, kwa sababu hana kaburi lingine la kwenda. Shaba yote ya kanisa imekuwa nyeusi, uso ule peke yake unang'aa. Mwanzoni nilifurahi. Kisha pua ikaanza kuondoka, kisha kope, na sasa ni kama sarafu ya zamani, unajua palikuwa na mtu lakini hujui ni nani. Siku moja nilimwambia mama yako, mama Kalenga, acha, unammaliza.

Hakugeuka hata. "Weye ulimupiga na marto, nyundo yako ile," akasema. "Minye namugusa na mukono. Nani anamumaliza?"

Nilichukua kofia nikatoka nje.

Jumatatu asubuhi nilienda kwa padri mpya. Nilimweleza yote, nikamwomba bamba la nane. Kijana yule alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kichwa: "Mzee, na ulikuwa unangoja nini?" Nilitaka kumjibu vibaya, nikakumbuka ana ufunguo.

Ile sauti ya nyundo nyuma ya nyumba, niliyokuambia ni sufuria ya jirani, ilikuwa wewe, kwenye bamba la nane. Safari hii nililitia motoni kwanza. Niliacha mpaka shaba ikawa na rangi ya kaa la moto, nikaitumbukiza majini, ikapiga kelele, ikalainika. Kama kuna kitu kimoja nitakupa cha kazi yangu, ni hicho. Mtu wako akiwa mgumu, usimwongeze nyundo akiwa baridi, utampasua. Mimi nilikupiga ukiwa baridi miaka yote hii, kwa kunyamaza, na Jumapili nikashangaa kusikia ufa.

Kisha nikaligeuza mgongo, nikaanza kusukuma, na mikono ikasimama. Sikuukumbuka uso wako wa miaka sita. Hatuna picha, na mimi nilikuwa nimejizoeza kutoutazama. Ndiyo maana siku mbili hizi nimekukodolea macho ukila, mpaka ukaniuliza, "Papa, niko na nini pa sura?" Nikakujibu, "Uko na bukari." Hukuwa na chembe ya ugali usoni, mama. Nilikuwa ninakuchukua.

Kwa hiyo sasa kituo cha nane kuna mtoto wa miaka sita mwenye uso wa mwanamke mzima. Padri amecheka, na wewe utacheka. Shavu la kushoto liko chini kidogo, nimezeeka. Na chini ya jicho la kulia shaba imepasuka, ufa mdogo, mahali pale nilipopiga zaidi siku ile. Watu watasema ni chozi, watanisifu. Si chozi. Ni shaba iliyochoka, na nimeuacha ufa kwa sababu nikiuziba nitakuwa ninadanganya tena.

Usifikiri nimepona. Bado ninaogopa ukuta ule, na Kolwezi ninaiogopa zaidi. Basi lako litapita njia ya Kambove. Ukitaka kutazama, tazama, ukitaka kulala, lala, hakuna anayekudai machozi. Sitaki uende, na ninakubariki uende. Nimejaribu kuifanya mioyo hiyo miwili iwe mmoja, imekataa. Lakini nilikufuta mara moja ili nisikupoteze, na nikakupoteza hapa hapa, mezani pangu, ukinywa chai. Sitarudia.

Nimalizie na jambo la leo, kisha nifunge karatasi kabla hujarudi.

Nilienda kulitundika bamba alasiri. Nilikuwa juu ya ngazi niliposikia ndara za mama yako. Leo si Ijumaa, sijui nani alimwambia. Hakwenda kituo cha tatu. Alipita moja kwa moja hadi chini ya ngazi yangu, na jua lilikuwa limeanza kuingia kwa mlango mkubwa, likateleza ukutani, likakufikia. Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Uso ulikuwa pale, mmoja tu, ule nilioutengeneza. Hakuna mwingine uliotokea nyuma yake.

Mama yako aliinua mkono. Unaujua mkono ule, ninyi wote mmelelewa nao. Ukafika karibu kabisa na shavu lako, lile la kushoto, lililo chini. Nikasubiri. Kisha akaurudisha, akaufunga ndani ya kitenge chake.

"Huyu hapana," akasema. "Huyu nitamugusa ye mwenyewe, akirudia."

Basi urudi, Ngoie. Mkono umekaa ndani ya kitenge unakungoja.

Papa